Gari Moja Minnesota, Jingine Florida: Mwongozo Kamili wa Kuandikisha na Kukatia Bima Magari Yanayolala Majimbo Mawili

Wengi wanaonitafuta kuhusu karatasi za magari hawakukosea kwa uzembe. Wamekosea kwa sababu wamekulia mahali ambapo gari huandikishwa mara moja, na namba zake hutambulika kutoka Mwanza mpaka Mtwara, au kutoka Kisumu mpaka Lamu, bila mwenye gari kuulizwa usiku analiegesha wapi. Marekani haiko hivyo. Kila jimbo lina ofisi yake ya magari, sheria yake ya bima na muda wake wa kuhesabu siku, na kampuni ya bima huandika mkataba kwa sheria za jimbo ambamo gari linalala.

Nitatumia mfano wa familia za aina ninayokutana nayo mara kwa mara: mume na mke wenye nyumba Brooklyn Park, Minnesota, ambao wamenunua nyumba ya pili Florida kwa sababu mke ameajiriwa huko hospitalini, na magari mawili yamegawanyika kati ya nyumba hizo. Mwenye nyumba Texas, Georgia, Arizona au Maryland atafuata hatua hizi hizi, isipokuwa majina ya ofisi na idadi ya siku, ambayo nimeitaja panapostahili. Ada hubadilishwa na mabunge ya majimbo mara kwa mara, kwa hiyo zithibitishe kwenye tovuti rasmi ya jimbo kabla hujatoka nyumbani.

## Vitu vya kuandaa kabla ya hatua ya kwanza

- Hati ya umiliki wa gari, ile inayoitwa taito. Ikiwa gari lina mkopo, andaa jina la benki, anwani yake ya posta na namba ya akaunti ya mkopo, kwa kuwa huenda hati iko kwao.
- Kadi ya gari ya sasa, pamoja na vibao vya namba vilivyo kwenye gari.
- Leseni ya udereva, na kwa asiye raia, pasipoti na kadi ya ukaazi au kibali cha kazi.
- Uthibitisho wa aina mbili tofauti wa anwani ya kila nyumba, kama bili ya umeme, mkataba wa pango au karatasi ya mkopo wa nyumba.
- Ukurasa wa muhtasari wa mkataba wa bima, unaoonyesha madereva wote, magari yote, anwani ya kila gari na viwango vya malipo. Ile kadi ndogo ya bima haitoshi.
- Risiti ya kununulia gari inayoonyesha kodi uliyolipa, ili usitozwe tena bila sababu.
- Picha ya namba ya chesi, ile yenye herufi na tarakimu 17 iitwayo VIN, na picha ya kilomita au maili zilizosomwa siku hiyo.
- Kalenda ya miezi 12 iliyopita, ukiwa umeweka alama siku ambazo kila gari lilikuwa katika kila jimbo.

Hiyo kalenda ndiyo watu huidharau, na ndiyo itakayoamua karibu kila kitu.

## Hatua ya 1: Amua kila gari linalala wapi

Chukua kalenda na uhesabu siku za gari, si siku zako wewe. Gari likikaa zaidi katika nyumba ya Florida, hilo ni gari la Florida, hata kama jina la mwenye gari liko kwenye barua zote za Minnesota.

Kisha linganisha hesabu yako na sheria ya jimbo. Florida inamtaka asiye mkazi ambaye gari lake limekuwa ndani ya jimbo kwa zaidi ya siku 90 katika siku 365 zilizopita awe na bima ya Florida, na siku hizo si lazima zifuatane. Aliyeanza ajira Florida, au aliyeandikisha watoto katika shule ya serikali huko, hana nafasi ya kusubiri siku 90: anatakiwa kuandikisha gari ndani ya siku 10. Kwa hiyo katika mfano wetu, mke aliyeajiriwa anahesabiwa kuanzia siku ya kwanza kazini.

Minnesota humpa mkazi mpya siku 60, Maryland vilevile siku 60, Texas na Georgia siku 30, California siku 20. Arizona humhesabu kuwa mkazi yeyote anayekaa humo miezi saba au zaidi katika mwaka mmoja wa kalenda, bila kujali nyumba yake ya kudumu iko wapi, na ajira inaweza kumfanya awe mkazi mapema zaidi.

Onyo. Usichague jimbo kwa sababu bima yake ni nafuu. Gari likigongwa Florida huku mkataba ukisema linalala Brooklyn Park, mkaguzi wa madai ataomba rekodi za malipo ya barabara, risiti za fundi na bili ya umeme ya nyumba, na akiona limekaa miezi minane Florida, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa au kuvunja mkataba wote kwa taarifa za uongo. Kuna pia wanaoshawishiwa kufungua kampuni ya karatasi Montana ili gari liandikishwe huko bila kodi ya mauzo. Kwa gari linalolala kila usiku jimbo jingine, huo ni ukwepaji wa kodi, na majimbo huufuatilia.

Utajua umefaulu pale unapoweza kuandika sentensi moja kwa kila gari: "Gari hili linalala anwani fulani, siku fulani kwa mwaka," na kalenda ikakuunga mkono.

## Hatua ya 2: Weka leseni na saini zako sawa

Mtu mmoja huwa na leseni moja. Ukichukua ya Florida unaachia ya Minnesota, na anayeajiriwa Florida anapewa siku 30 kuchukua leseni ya huko. Katika familia yetu ya mfano, njia safi ni mke kuwa na leseni ya Florida na gari la Florida kuandikishwa kwa jina lake, mume akibaki na leseni na gari la Minnesota. Magari yote mawili yakiwa kwa majina yenu wote wawili pia hakuna ubaya, mradi anwani ya kila gari ni ya kweli.

Fomu za ofisi za magari husainiwa chini ya kiapo. Usiweke saini kwenye anwani ya rafiki, hata kama rafiki mwenyewe amekubali.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo moja lililowaponza watu wasio na nia mbaya. Unapochukua leseni, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1993, karani atakuuliza au fomu itakuuliza kama unataka kuandikishwa kuwa mpiga kura. Ikiwa wewe si raia wa Marekani, jibu ni hapana, kila mara, hata ukiwa na kadi ya ukaazi ya kudumu. Kudai uraia usio nao, hata kwa kuweka alama kwenye kisanduku kwa haraka, kunaweza kukufungia njia ya uraia na kukuletea kesi ya kuondolewa nchini. Soma kila kisanduku kabla ya kusaini, na ukiwasindikiza wazazi wasiojua Kiingereza, wasomee.

## Hatua ya 3: Kata bima mpya kabla ya kwenda ofisi ya magari

Ofisi ya magari haitakupa namba bila bima inayokubalika katika jimbo hilo, na Florida inataka bima kutoka kampuni yenye leseni ya kuuza bima Florida. Georgia hutegemea taarifa ambazo kampuni hutuma moja kwa moja kwenye mfumo wa jimbo, na Massachusetts hutaka fomu yenye muhuri wa wakala wa bima. Ndiyo maana bima hutangulia.

Mpigie wakala wako wa sasa na umwambie wazi: "Nina nyumba mbili, majimbo mawili, gari hili linalala hapa na lile linalala pale." Kampuni nyingi zitaandika mikataba miwili, mmoja kwa kila jimbo, hata kama wewe ni mteja mmoja. Uliza kama bado utapata punguzo la magari mawili.

### Viwango vya chini havifanani

Minnesota hulazimisha dola 30,000 kwa mtu mmoja unayemjeruhi, dola 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja na dola 10,000 kwa mali unayoharibu, pamoja na dola 40,000 za kukutibia wewe na kufidia kipato chako bila kujali nani ana kosa.

Florida kwa gari la kawaida hulazimisha vitu viwili tu: dola 10,000 za majeraha yako na dola 10,000 za mali ya mwingine. Hailazimishi bima ya kumlipa mtu uliyemjeruhi. Ukinunua bima ya chini kabisa Florida na ukamvunja mtu mguu, madai yanaweza kukufuata wewe, mshahara wako na akiba yako. Mwombe wakala aongeze kipengele hicho hata kama sheria haikulazimishi, na kwa mwenye nyumba mbili, viwango vya chini vya jimbo lolote ni vidogo mno.

Neno "bima kubwa" tulilozoea nyumbani huku limegawanywa mara mbili: kuna sehemu ya gari lako kugongana na kitu, na sehemu ya wizi, moto, mafuriko, upepo na mvua ya mawe. Kwa gari linalolala Florida, sehemu ya pili ndiyo inayolipa gari likifunikwa na maji ya kimbunga. Bima ya nyumba hailipii gari lililo ndani ya gereji. Nunua sehemu hiyo mapema, kwa kuwa msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Novemba, na kimbunga kinapokaribia kampuni husimamisha kuuza au kuongeza bima mpaka kipite.

### Mume na mke wanaoishi mbalimbali

Hapa ndipo pengo kubwa lilipo, na mawakala wachache huligusa bila kuulizwa. Mikataba mingi humlinda mwenye bima na mwenzi wake anayeishi nyumba hiyo hiyo. Mke akihesabiwa kuwa anaishi Florida, mkataba wa Minnesota unaweza kusema si mtu wa nyumba hiyo. Vilevile mikataba mingi haitoi ulinzi kwa gari usilolikatia bima katika mkataba huo ilhali unalitumia mara kwa mara, na gari la mwenzi wako unaloendesha kila ukimtembelea linaweza kuingia humo.

Tiba yake ni rahisi. Omba majina yenu wote wawili yaandikwe kuwa wenye bima kwenye mikataba yote miwili, na watoto wote wenye leseni waandikwe kuwa madereva, wakiwemo walioko chuo. Ikiwa una bima ya ziada ya dhima inayokaa juu ya nyumba na magari, mpe wakala wa bima hiyo orodha ya magari yote na nyumba zote, kwa sababu huweka masharti ya viwango ambavyo kila gari lazima liwe navyo chini yake.

Anayebeba abiria au chakula kwa programu za simu amwambie wakala, kwa kila jimbo. Bima ya kawaida huondoa kazi hiyo.

Utajua umefaulu ukiwa na kurasa mbili za muhtasari, kila moja ikiwa na anwani sahihi ya gari, majina ya madereva wote, na tarehe ya kuanza isiyozidi siku utakayokwenda ofisini.

## Hatua ya 4: Pata hati kutoka benki

Ikiwa gari halina deni, ruka hatua hii. Lenye mkopo lina masharti yake: mikataba mingi ya mkopo hukutaka uiarifu benki kabla ya kuhamishia gari jimbo jingine kwa kudumu. Piga simu, omba idara ya hati za umiliki, na uulize wanatuma hati kwa nani. Baadhi huituma moja kwa moja kwa ofisi ya kaunti baada ya wewe kufungua ombi. Gari la kukodi kwa miezi linahitaji barua ya kampuni inayolimiliki kukupa mamlaka ya kusaini.

Fanya hivi wiki kadhaa kabla. Mchakato mzima hukwama hapa kuliko mahali pengine popote.

## Hatua ya 5: Andikisha gari

Tafuta ofisi sahihi, kwa sababu jina hubadilika. Florida ni ofisi ya mkusanya kodi wa kaunti, Texas ni ofisi ya kodi ya kaunti, Georgia ni ofisi ya namba ya kaunti, Maryland ni MVA, Arizona ni MVD, Massachusetts ni RMV. Minnesota ni ofisi za wasajili zilizo chini ya DVS, idara ya magari ya jimbo hilo.

Florida utajaza fomu namba 82040 ya kuomba hati na namba, na kwa gari lililotumika jimbo jingine, fomu namba 82042 ya kuthibitisha namba ya chesi. Uthibitisho huo hufanywa na mtu anayeliona gari kwa macho, kama polisi, notari (mthibitishaji wa nyaraka) wa Florida au muuza magari mwenye leseni ya huko. Kwa hiyo usiliache gari Minnesota ukitarajia kumaliza kila kitu kwa karatasi.

Niliwahi kusimama na shemeji yangu mbele ya kaunta, karani akirudisha fomu mara mbili. Mara ya tatu tulitoka nje kwenye jua tukasoma namba ya chesi kwenye kona ya dashibodi, tarakimu moja moja, yeye akitaja na mimi nikiandika. Alikuwa ameandika herufi O mahali penye sifuri. Namba za VIN hazina kabisa herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona duara ni sifuri, na ukiona mstari uliosimama ni moja.

Kuhusu fedha, Florida hutoza dola 225 kwa anayeandikisha gari mara ya kwanza bila kuwa na kibao cha Florida cha kuhamishia gari hilo, mbali na ada za hati na za mwaka. Kodi ya matumizi ya jimbo ni asilimia 6, lakini kodi uliyokwisha kulipa jimbo jingine huhesabiwa, ndipo ile risiti yako ya zamani inapokuwa na thamani. Virginia hutoza pia kodi ya mali ya gari kila mwaka kupitia kaunti au mji linakolala, jambo linalowashtua wengi.

Ukaguzi nao hutofautiana. Maryland hutaka gari lililotumika likaguliwe usalama kabla ya kuandikishwa, Massachusetts likaguliwe ndani ya siku saba baada ya kuandikishwa, na Texas iliondoa ukaguzi wa usalama kwa magari yasiyo ya biashara tarehe 1 Januari 2025 huku kaunti 17 zikibaki na kipimo cha moshi.

Utajua umefaulu ukitoka na kadi mpya ya gari, kibao na stika ya mwaka. Kabla ya kuondoka kaunta, linganisha jina, anwani na namba ya chesi kwenye kadi na zile za mkataba wa bima. Tofauti ya herufi moja hufanya mfumo wa jimbo ushindwe kuoanisha bima na gari.

## Hatua ya 6: Rudisha vibao vya zamani, kisha ufute bima ya zamani

Utaratibu ni huu, na usiubadilishe: bima mpya, namba mpya, vibao vya zamani virudishwe au usajili wa zamani ufutwe, ndipo bima ya zamani ifutwe. Florida, New York na Maryland hutaka vibao vitangulie kurudishwa, na Georgia hutaka usajili ufutwe kwanza. Kampuni ya bima hulitaarifu jimbo mara bima inapokatika, na jimbo likiona gari lina namba hai bila bima, huchukulia kuwa linaendeshwa hivyo hivyo.

Mimi nililipa gharama ya kugeuza utaratibu huu. Nilipoamua gari la Florida lirudi Minnesota, nilifuta bima ya Florida siku ile ile niliyoanza safari, vibao vya Florida vikiwa bado kwenye gari. Barua ya onyo ilikwenda kwenye sanduku la nyumba ya Florida, ambayo haikuwa na mtu, ikakaa humo tangu Aprili mpaka jirani aliponipigia simu Agosti kuniambia sanduku limejaa. Wakati huo haki yangu ya kuendesha Florida ilikuwa imesimamishwa. Kosa la aina hiyo huko linaweza kusimamisha leseni na usajili hadi miaka mitatu, na kurudishiwa ni kati ya dola 150 na 500. Majimbo hupashana habari za leseni zilizosimamishwa, kwa hiyo tatizo la jimbo moja linaweza kukusubiri kaunta ya jimbo jingine siku ya kuhuisha.

Utajua umefaulu ukiwa na risiti ya kurudisha vibao na barua ya kufutwa kwa bima, na tarehe ya risiti iko kabla au sawa na tarehe ya barua. Zitunze miaka mitatu.

## Hatua ya 7: Gari linapobaki peke yake kwa miezi

Wengi huuliza: "Kwa nini nilipie bima gari lililofunikwa turubai gerejini?" Ikiwa namba zake ni hai, Florida huitaka bima ile ile ya lazima iendelee hata kama gari halitembei kabisa. Unachoweza kuomba ni kuondoa kwa muda sehemu ya kugongana, ukibakiza bima ya lazima pamoja na ile ya wizi, moto na mafuriko. Ukitaka kuacha yote, rudisha vibao kwanza. California ina tamko la gari lisilotumika, na Arizona ina cheti cha gari lisilo na bima. Kila jimbo liulize kwa jina lake. Gari lenye mkopo halipunguziwi bima bila ruhusa ya benki.

## Hatua ya 8: Barua, barabara za kulipia na tarehe za mwisho

Weka anwani moja ya posta, ile ya nyumba yenye mtu mwaka mzima, kwenye kumbukumbu za magari yote mawili, huku anwani ya makazi ya kila gari ikibaki ya kweli. Usitegemee huduma ya posta ya kuhamisha barua, kwa sababu barua nyingi za ofisi za serikali hurudishwa kwa mtumaji badala ya kukufuata.

Siku hiyo hiyo unayopata kibao kipya, ingia kwenye akaunti yako ya kulipia barabara, SunPass au E-ZPass, uandike namba mpya na ufute ya zamani. Usipofanya hivyo, kila unapopita chini ya kamera bila kifaa kusomeka, bili inakwenda kwenye anwani ya usajili na faini hujilimbikiza.

Usajili wa Florida humalizika siku ya kuzaliwa ya mwenye gari, na kwa wenye gari wawili, ya yule aliyetajwa kwanza. Wa Minnesota humalizika kwa mwezi ulioandikwa kwenye stika ya kibao. Ziandike tarehe zote mbili kwenye kalenda ya simu ya kila mmoja wenu, mwezi mmoja kabla, pamoja na tarehe za mikataba ya bima, na nakala za kadi na bima ziwe ndani ya kila gari na kwenye simu ya yule asiyelala nalo.